Chupa ya Kumi na Mbili

Inspekta Dzigbodi Agbeko hakupenda maabara. Kila kitu humo kilikuwa kidogo mno kuonekana, na yeye alizoea wezi wenye miguu. Lakini saa nne ya asubuhi ile ya Jumatano alikuwa amekaa juu ya stuli ndefu, viatu vinaning'inia, akimtazama Daktari Senyo akidondosha tone moja la kitu kisicho na rangi, kutoka kwenye chupa ya ushahidi, ndani ya kijichupa cha maji ya kahawia.

Maji yakageuka buluu.

"Haiwezekani," alisema Daktari Senyo.

Akadondosha tone jingine kwenye kijichupa kingine. Buluu tena, tena buluu iliyoshiba.

"Buluu maana yake nini, Daktari?"

"Maana yake humu kuna protini. Nyingi. Kama ile ya Ijumaa."

"Yaani kimeng'enya chako kimo."

"Protini imo, Inspekta. Inaweza kuwa protini yoyote. Anaweza kuwa ametia maziwa. Au yai."

"Fundi wako Kafui atie yai?"

"Mwizi haachi chupa tupu! Nipe mpaka kesho nitakwambia ni yai la kuku au la bata."

"Kesho sina. Saa kumi leo saa arobaini na nane zinakwisha. Ama nimfungulie mashtaka, ama nimfungulie mlango."

Daktari Senyo alifunika vijichupa vyake. Jumatatu alikuwa na maneno mengi kuliko leo. Jumatatu hiyo asubuhi na mapema, mbele ya kina mama wote wa Dzolokope wanaokaanga chenga za muhogo, alikuwa amesimama kando ya tangi la maji ya muhogo kama bwana harusi. Miaka mitatu yeye na fundi wake Kafui Dotse walikuwa wamefuga bakteria waliowaokota kwenye tope la chini ya mashine za kukamulia muhogo, wakatoa kwao kimeng'enya kinachoimeng'enya sianidi, ile sumu ya muhogo, ikawa si kitu. Ijumaa walikijaribu maabarani: karatasi ya njano, ambayo hugeuka rangi ya tofali ikikuta sumu, ilibaki njano kama kiini cha yai. Jumatatu wakamimina nusu ya kila chupa kwenye tangi, chupa zote kumi na mbili, na Daktari kwa kujiamini akafungulia bomba kabla karatasi haijamaliza kazi yake. Karatasi ikageuka tofali. Maji yalikuwa yameshafika bondeni, na bata saba wa msemaji wa chifu walikuwa wameshakunywa.

Bata saba walilala miguu juu. Daktari akatazama bata, akatazama kina mama, kisha akanyoosha kidole kwa Kafui. Chupa zimebadilishwa, alisema, na mwenye ufunguo ni huyu. Saa kumi jioni Kafui alikuwa mahabusu.

"Funguo za hapa ni ngapi?" aliuliza Inspekta.

"Mbili. Wangu na wa Kafui. Na mlango huu ukiuvuta unajifunga wenyewe, hata mimi hunifungia nje. Ndiyo maana nasema hakuna mwingine."

Kabla hajamaliza, mlango ukafunguka, akaingia mama mfupi mnene, kitenge kimefungwa mara mbili kiunoni, mkononi bakuli la uji na koose, bagia za kunde, za moto zimefungwa kwenye karatasi.

"Senyo, hujala."

"Mama, niko na polisi."

"Polisi nao wanakula." Mama Senyo akamwekea Inspekta koose tatu mbele yake, akazitazama zile chupa za buluu, akatikisa kichwa. "Na yule mtoto kule mahabusu, anakula?"

"Anakula, mama."

"Anakula nini? Chakula cha polisi?" Akafyonya, akamtupia mwanawe jicho, akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake, klak.

Inspekta alikula koose, maana kukataa kungekuwa utovu wa adabu, na pia zilikuwa tamu. Akafuta vidole, akaichukua chupa nambari tatu aliyokuja nayo kutoka kituoni na kuigeuza dirishani. Daftari lake la Jumatatu lilisema: *Lebo zote kumi na mbili, wino umechuruzika.* Wino ulikuwa bado umechuruzika. Lakini leo, kwa mwanga mzuri, aliona kitu kingine kimenata kwenye pembe ya lebo. Kilikuwa chembamba, cha mviringo, kinang'aa.

"Daktari, hiki ni kitu cha maabara?"

Daktari aliinama, akavaa miwani, akavua miwani.

"Hilo," alisema polepole, "ni gamba la samaki."

*

Mama Abla alikuwa na sanduku la barafu kubwa kuliko yote Dzolokope, na mdomo uliolingana nalo. Walimkuta akipanga vibua, barafu imemfika viwikoni. Koplo Fuseini, aliyekuwa amebakiza miezi minne tu kustaafu na kurudi kwao Tamale, alisimama mbali kidogo ili sare yake isinuke.

"Inspekta, ukinunua nitakupunguzia. Ukihoji sikupunguzii."

"Nahoji kwanza. Jumamosi Kafui alikuja hapa?"

"Alikuja. Umeme ulikatika saa nane, saa nane na nusu alikuwa hapa na kisanduku chake cha buluu."

Kalamu ya Koplo ilikimbia kwenye daftari.

"Ndani ya kisanduku?"

"Visahani vya vijidudu vyake. Kila mgao wa umeme huja navyo, ndiyo amri ya Daktari. Nilimwambia aviweke mbali na samaki wangu, akaniambia ni vijidudu vyenye heshima zao."

"Chupa ndogo za kioo hukuona? Kumi na mbili?"

"Kwa macho yangu, hapana. Lakini mimi saa tisa nilikwenda matangani, nikarudi Jumatatu jua limeshatoka."

"Sanduku ukamwachia nani?"

"Nimwachie nani? Liko wazi."

"Siku mbili?"

Mama Abla alimtazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Inspekta, wewe si wa hapa? Umeme umekatika, mimi nilifunge sanduku, watu wapeleke wapi vitu vyao? Jumamosi hiyo humu mlikuwa na keki ya harusi, dawa ya kisukari ya mwalimu mkuu, na maziwa ya mtoto wa watu nisiowajua hata jina. Mtu akiona kitu cha jirani kinapata joto, anakibeba, anakileta. Mwenyewe akirudi anajua pa kukitafuta."

"Bila kuulizana?"

"Ukimwona mtoto wa jirani anatambaa kuelekea kisimani, unamtafuta mama yake kwanza?"

Inspekta akanunua vibua wawili.

Njiani Koplo Fuseini alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. "Tumefika, Afande. Gamba la samaki, msichana, sanduku la barafu. Alizipeleka chupa kwa Mama Abla, akazificha barafuni, mnunuzi akaja kuzichukua. Na mnunuzi tunaye: yule wa mgodi wa dhahabu, mwenye pikapu nyeupe. Kule wanasafishia dhahabu kwa sianidi, wanakitaka hiki kitu kama maji ya kunywa."

"Na ile buluu?"

"Buluu ni mayai."

"Koplo, hesabu vizuri. Chupa zina protini kama zilivyokuwa Ijumaa. Kilichopungua ni kazi tu. Mwizi gani anaiba kazi na kumwacha mfanyakazi?"

Koplo alifikiri mpaka kwenye kona ya posta. "Mwizi msomi," alisema.

*

Nje ya kituo kina mama wa muhogo walikuwa wamekaa tangu juzi, masufuria, mabeseni na mama yake Kafui katikati yao. Hawakupiga kelele. Walikuwa wakimenya muhogo wao hapo hapo, kwenye ngazi za polisi, ili kila anayepita ajue wako wapi na kwa nini.

Ndani, Kafui alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya kaunta. Siku mbili tu, na tayari alikuwa amewalazimisha walevi wawili waliolala naye ukuta mmoja kunawa mikono kabla ya kula. Alicheka alipomwona Inspekta, kama alivyocheka tangu Jumatatu, kicheko cha mtu anayejizuia kufanya jambo jingine.

"Yule mtu wa mgodi," Inspekta alianza bila salamu ndefu. "Alitaka nini kwako?"

"Kunioa."

"Na chupa?"

"Chupa aliuliza mara moja. Kunioa, mara tatu. Zote nimekataa."

"Kwa nini?"

"Anacheka kabla hajamaliza utani wake, Afande. Utaishi vipi na mtu kama huyo?"

Inspekta alivuta kiti. "Nieleze hiki kitu chenu. Usinieleze kama Daktari. Nieleze unavyowaeleza kina mama."

Kafui akasimama. Akamwomba Koplo Fuseini mikono yake, naye Koplo, baada ya kuangalia kama kuna raia anayemwona, akaitoa.

"Kimeng'enya hiki ni vipande vinne, vimefanana kama pacha. Viwili vimeshikana hivi." Akashikanisha mikono yake mwenyewe. "Viwili hivi. Shika, Koplo. Sasa jozi mbili zinakutana." Akaibana mikono yake kwenye mikono ya Koplo mpaka ikawa fundo moja. "Mdomo unaoitafuna sumu haumo kwangu, wala haumo kwa Koplo. Umo hapa, kwenye mshono. Nusu ya mdomo yangu, nusu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na jozi zikiachana?"

Kafui akaachia mikono. Ya Koplo ikabaki imening'inia hewani. "Vipande vyote vipo, hata kimoja hakijapotea. Kazi hakuna."

Inspekta aliacha kujipepea. "Ukivipima vikiwa hivyo, kwa ile rangi ya kahawia?"

"Buluu. Ile rangi inahesabu vichwa tu, Afande. Haiulizi nani anafanya kazi."

"Nini kinaviachanisha?"

"Moto mkali. Asidi. Pombe."

"Baridi je?"

Kafui akacheka, na Koplo akacheka naye. "Baridi haijawahi kuharibu kitu, Afande. Baridi ndiyo inayotunza."

"Ndiyo maana Jumatatu nilizitia chupa kwenye friji ya kituo," alisema Koplo. "Ushahidi usichache."

"Mmewahi kukijaribu kwenye baridi?"

"Sisi?" Kafui alifikiri. "Hapana. Tangu siku ya kwanza tulikizoeza kabatini. Friji yetu ni ya kubahatisha, tukaiachia vijidudu vizima peke yao."

"Koplo, lete chupa."

Koplo alikwenda upesi, akarudi taratibu. Aliziweka mezani moja moja, kila moja imetota ukungu. Inspekta akaongeza nambari tatu aliyokuwa nayo, akahesabu, akahesabu tena.

"Kumi na moja. Nambari kumi na mbili iko wapi?"

"Iko salama, Afande."

"Wapi?"

"Dirishani. Nyuma ya ile bendera ndogo." Koplo alikohoa. "Friji ilijaa."

"Ilijaa nini?"

"Sobolo. Mke wangu alitengeneza kidogo."

"Ushahidi wa polisi ulikosa nafasi kwa sababu ya sobolo?"

"Afande, kwa haki, sobolo iliwahi."

Angekuwa mkubwa mwingine, Koplo angestaafu siku hiyo hiyo. Inspekta alinyoosha mkono tu, akapokea chupa ya kumi na mbili. Ilikuwa na uvuguvugu wa jua la dirishani. Koplo, kwa kutaka amani, alimmiminia glasi ya sobolo, kile kinywaji chekundu cha maua, iliyotoka kwenye friji sasa hivi na kuiweka mezani, juu ya hati ya mashtaka.

Inspekta hakuinywa. Aliitazama. Glasi ilianza kutoka jasho. Jasho likashuka kwenye kitako, likatambaa kwenye karatasi, na jina la Kafui Dotse, lililoandikwa kwa wino wa polisi, likaanza kuchuruzika.

"Kitu cha baridi," alisema taratibu, "kikiingia kwenye joto, hutoka jasho." Akafungua daftari lake ukurasa wa Jumatatu na kuligeuzia kwao. "Lebo zilikuwa zimechuruzika kabla hazijafika kwenye friji yako, Koplo. Kuna barafu nyingine kabla ya hii, na ilikuwa na samaki. Kafui, unahitaji nini kuzijaribu hapa?"

"Maji ya muhogo na karatasi za njano. Na beseni la maji moto."

Karatasi zilikuwamo kwenye bahasha ya ushahidi. Maji ya muhogo yalikuwa kwenye ngazi. Mama yake Kafui alileta jagi zima, akamshika binti yake shavu kwa mkono wenye unga, akarudi kwenye ngazi. Kafui akatenga mitungi mitatu ya jemu. Wa kwanza haukutiwa kitu. Wa pili, matone ya chupa nambari tano, baridi kama ilivyotoka kwa Koplo. Wa tatu, matone ya chupa ya dirishani. Karatasi moja ikaning'inizwa katika kila shingo, vifuniko vikafungwa, mitungi yote ikatiwa beseni, na chupa nyingine za baridi zikarudishwa kwenye friji. Inspekta hakuondoa macho yake kwenye mikono ya Kafui hata mara moja, maana mtuhumiwa ni mtuhumiwa hata ukimpenda.

Nusu saa. Wa kwanza, tofali. Wa pili, tofali.

Wa tatu ulikuwa njano.

Kafui aliusogeza mtungi karibu na uso wake. Kicheko cha siku mbili kikakatika, akalia, kwa sauti, mkono mdomoni. Walevi wawili wakasimama kwa heshima bila kujua ni msiba wa nani.

"Miaka mitatu," alisema. "Nilidhani tumeua miaka mitatu."

"Nimeelewa!" Koplo alipiga meza. "Kumi na moja za bandia, moja halisi. Mwizi alisahau moja!"

"Vizuri, Koplo. Basi chukua nambari tano, ile ya bandia. Itie kwapani."

"Kwapani, Afande?"

"Saa nzima. Usinyanyue mkono."

Saa nane hadi saa tisa Koplo Fuseini alilinda amani ya Dzolokope kwa mkono mmoja. Akaja mzee kuripoti mbuzi aliyepotea. Koplo aliandika maelezo yote huku kiwiko kimebana ubavuni kama kuku aliyefungwa bawa, na mzee akamshauri akamwone daktari wa mifupa. Saa tisa ilipogonga, chupa ikatoka kwapani na kuingia kazini. Saa tisa na nusu Kafui akainua mtungi.

Njano.

"Chupa ile ile," alisema Inspekta. "Lebo ile ile. Saa mbili zilizopita ilikuwa imekufa."

"Haikufa." Kafui alikuwa ameshika kichwa, macho yamemtoka, na sasa hakuonekana kabisa kama mtu wa mahabusu. "Jozi ziliachana. Baridi imeziachanisha, joto limezirudisha! Ndani ya chupa ziko karibu karibu, zinapata nafasi ya kutafutana. Lakini ukizimimina zimeachana kwenye tangi zima, kila moja imepotea kivyake, kama mume na mke waliopoteana kwenye umati wa mazishi. Hata uzipe joto, hazionani tena. Afande, hatukujua! Hakuna kitabu chetu kinachosema hivi kuhusu kimeng'enya hiki!"

"Kiandike wewe. Lakini kwanza tuna nusu saa, na mimi najua *nini*, sijui *nani*. Daktari atasema ni wewe uliyezipeleka kwenye barafu. Funguo mbili, mlango unaojifunga…"

Ulimi wake ukapita kwenye jino, mahali ambapo punje ya koose ilikuwa imekwama tangu asubuhi.

"Koplo," alisema, "asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya Daktari. Hakwenda mlangoni. Ule mlango ulifunguliwa na nani?"

*

Haikuhitajika kumfuata. Saa kumi kasoro dakika ishirini Mama Senyo aliingia kituoni mwenyewe, bakuli la akple, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia kichwani, maana alikuwa ameamua kuwa chakula cha polisi hakifai kwa mtoto wa watu. Nyuma yake alikuja Daktari Senyo, amevaa tai, tayari kushuhudia mashtaka. Mama alimwekea Kafui bakuli mapajani kabla ya kumsalimia mtu mwingine.

"Mama," Inspekta alisema kwa adabu, "asubuhi uliingiaje maabara?"

"Kwa mlango."

"Kwa ufunguo gani?"

Mama Senyo akafungua fundo la kitenge chake. Zikatoka funguo nne kwenye kamba. "Huu wa nyumba. Huu wa stoo. Huu wa kanisa, mimi ndiye mfagiaji. Huu wa Senyo."

"Mama!" Daktari alisema. "Ufunguo huo nilikupa mwaka juzi, nilipoumwa!"

"Uliudai? Uji ungeingia kwa dirisha?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Koplo alinong'ona, na Inspekta akamkanyaga mguu.

"Na Jumamosi, mama, umeme ulipokatika?"

"Nilizunguka kama kawaida yangu, nani ana kitu kinaharibika. Nikaingia kwa mwanangu. Nikakuta chupa zake zote kabatini, kwenye joto lile! Miaka mitatu mtoto halali, halafu kazi yake inaachwa ichemke kama mayai." Alimtazama Kafui kwa lawama ya upole. "Nikazifunga kwenye kitenge, nikazipeleka kwa Abla, nikazizika kwenye barafu mpaka shingoni. Jumatatu alfajiri nikazirudisha, zimepoa vizuri. Sikumwambia mtu. Tenda wema nenda zako." Akawazungushia macho wote. "Mbona mnanitazama hivyo?"

Kafui akaweka bakuli chini, akaja kupiga magoti mbele yake, akaishika mikono yake minene na kumweleza yote kwa mikono ile ile: jozi, mshono, mdomo, barafu. Mama Senyo alisikiliza mpaka mwisho.

"Barafu imewaua bata wa watu?"

"Barafu iliviachanisha tu, mama. Hukujua. Hata sisi hatukujua."

"Bata waliuawa na bomba," alisema Inspekta, "lililofunguliwa kabla karatasi haijasema."

Daktari Senyo akalegeza tai. Mama yake akamgeukia.

"Kwa hiyo huyu mtoto amelala hapa siku mbili kwa barafu yangu na kidole chako."

"Ndiyo, mama."

"Barafu yangu haikuwa na macho, Senyo. Kidole chako kilikuwa nayo."

Daktari alisimama mbele ya Kafui. Alikuwa mtu mrefu, na alionekana kutamani kuwa mfupi. "Niliwaona bata wamekufa," alisema, "nikaona kina mama wananitazama, nikatafuta mtu wa kumtupia lawama. Ulikuwa karibu. Nimekukosea, Kafui. Nimeona aibu, na ninastahili."

"Ulinyoosha kidole mbele ya watu," Kafui alisema.

"Nitakurudishia heshima yako mbele ya watu hao hao."

"Kesho. Kando ya tangi. Na bomba nitafungulia mimi."

"Utafungulia wewe."

Inspekta alichukua hati ya mashtaka, ikiwa na doa la sobolo mahali pa jina, akaichana vipande viwili. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba. Alitarajia Kafui akimbilie mlangoni, ambako kina mama walikuwa wameshaanza kupiga vigelegele. Lakini Kafui alikwenda kwenye friji. Alikusanya chupa za baridi zilizobaki, akatoka nazo, akampa kila mama chupa moja, na kila mama akaitumbukiza kifuani bila kuuliza ni ya nini. Ya mwisho alimpa Daktari Senyo, naye akaipokea kwa mikono miwili na kuibana kwapani, tai na yote.

"Na leo hii," Mama Senyo alimwambia mwanawe huku akifunga tena fundo la kitenge, "unakwenda kwa mama yake na chupa ya kinywaji. Msamaha hauendi mikono mitupu."

"Nitakwenda, mama."

"Daktari," Kafui alimwita. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi, mkono wa mama yake begani, na alikuwa akicheka, safari hii kicheko chenyewe. "Hicho kinywaji."

"Ndiyo?"

"Usikitie barafu."